Hela Iliyolala

Walisema hela ilale benki siku ishirini na nane.
Isigeuke ubavu.
Ikipungua hata mia, hesabu inaanza upya.

Basi milioni thelathini na nne
zikaingia kwa jina la Somoe Issa Mchilima,
tawi la Newala, dirisha la pili,
na karani akanitazama miguuni, akaona kandambili,
akaitazama tena kompyuta.

Hazikuwa zangu.
Kumi na mbili za mjomba Ausi, za bati na salfa.
Tisa za mama mkubwa, korosho za misimu miwili.
Saba za kina mama wa Kitangari, walioandika daftarini:
*Kaazima. Zirudi zote.*
Zilizobaki ni za watu walioniomba nisiwataje,
maana wake zao hawajui.

Siku ya tisa ubwiriunga ukashuka shambani.
Unakuja kama mtu kapepeta unga juu ya maua,
na ua likishapata unga halizai kitu.
Salfa ya ruzuku ilikuwa imeishia mikorosho ya nyuma ya nyumba.
Mjomba akaja alfajiri, akakaa kizingitini,
akaongea habari za kuku,
habari za maji ya Mitema kukatika tena,
akanywa uji, akashukuru, akaondoka.
Mama akasema: Umesikia anavyoomba?
Nikasema: Hajaomba kitu.
Akasema: Ndivyo anavyoomba.

Naenda kusoma takwimu.
Usiku ule nilikaa na kibatari na nyuma ya bahasha:
mikorosho mia na arobaini, bei ya mfuko,
siku kumi na tisa zilizobaki.
Nilipiga mara tatu. Jibu lilikuwa lilelile,
nikaichoma bahasha.

Siku ya kumi na tatu tukasikia bomba la kupulizia likinguruma kwake.
Jioni akaja kwa miguu.
Baiskeli iko wapi, mjomba?
Mguu nao unataka mazoezi, akasema,
na nguo zake zilinuka salfa
hata mtoto wa jirani akapiga chafya.

Siku ya ishirini na nane benki ikachapa karatasi,
muhuri wa bluu, sahihi ya meneja.
Kufika adhuhuri kila hela imerudi kwa mwenyewe,
na akaunti yangu ina elfu nne na mia tatu.
Baiskeli ilikombolewa siku ya pili yake. Haina kengele.

Kisha Dar es Salaam, ghorofa ya tatu,
kiyoyozi kinachouma meno.
Fomu iliuliza: *Nini kitakurudisha nyumbani?*
Wameacha mistari miwili.
Nilikaa na kalamu muda mrefu
mpaka mtu wa nyuma yangu akakohoa.
Nikaandika: *Nina deni.*
Nikakata. Nikaandika: *Familia.*

Weka vidole vinne, akasema kijana wa mashine.
Nikaweka. Mashine ikanyamaza.
Pangusa. Weka tena.
Akakigeuza kiganja changu kwenye mwanga:
Dada, wewe ulikuwa unafanya kazi gani?

Likizo nane za kubangua na mama.
Moshi wa maganda, majivu ya kupaka mikono,
na mafuta yale ya ganda yanayokula ngozi
taratibu, kama mgeni asiye na haraka ya kuondoka.
Karatasi mkobani ilisema mimi tajiri.
Vidole havikusema lolote,
vimekuwa laini kama mgongo wa kijiko.

Bonyeza. Kwa nguvu.
Nikabonyeza hadi kucha zikawa nyeupe.
Kidole gumba, hapana. Cha shahada, hapana.
Kioo kikawaka kijani kwa kile cha mwisho, kidogo,
ambacho mama alikuwa akikifunga kitambaa
kila asubuhi kabla hatujaanza kugonga,
nami nikilalamika kwamba kinanichelewesha,
naye anavuta fundo kwa meno, anasema:
Tulia. Angalau kimoja kibaki ulivyozaliwa nacho.